Jeneza Lililopita Kilosa

Mimi nimekufa mara mbili kwenye filamu za Melkizedek, na mara zote mbili nilikufa vibaya. Ya kwanza nilipigwa risasi, nikaanguka kabla bunduki haijalia. Ya pili nilinyweshwa sumu, nikakata roho vizuri tu, halafu nzi akatua puani nikampiga kofi. Melkizedek hakukasirika. Alizima kamera akasema, "Kuanzia leo Malimi wewe ni polisi. Polisi hafi." Ndipo nikawa inspekta, na koti langu la mtumba la Mikumi stendi, kazi niliyoifanya mpaka mwisho.

Kazi yangu ya mshahara ni bwana mifugo. Nina diploma, nimechanja ng'ombe wa wilaya ya Kilosa tangu mwaka themanini na moja, na ng'ombe wananifahamu kwa sura. Mimi Msukuma, Melkizedek Mkaguru, kwa hiyo ni watani. Kwa asiyejua utani, maana yake ni kwamba naweza kumwita mwizi wa mahindi mbele ya mkwe wake na asinifanye kitu. Na akifiwa, ni haki yangu kwenda pale msibani nikae juu ya jeneza, nisishuke mpaka anilipe ninachotaka. Haki hiyo ndiyo iliyotufikisha tulikofika.

Melkizedek alianza na gari la sinema la serikali, lile lililokuwa linapita vijijini na jenereta na shuka jeupe, likionyesha filamu za kunawa mikono na kuhifadhi mbegu. Yeye alikuwa fundi wa mashine. Aliniambia kuwa katika miaka tisa ile hakuwahi kutazama filamu hata moja mpaka mwisho. Alikuwa anasimama kando ya shuka, anawatazama watu. Kijiji kizima kikishika pumzi kwa pamoja, anasema, unasikia mpaka mbuzi wananyamaza.

Mwaka tisini na tatu wafanyakazi wakapunguzwa, gari likapigwa mnada. Ndiyo ilikuwa miaka ile kila mtu anafungua kitu: huyu duka la mitumba, yule mashine ya kusaga, na kila kona banda la video, viti vya mbao na pazia la gunia. Mfanyabiashara mmoja wa Morogoro akampa Melkizedek kamera. Filamu ya kwanza, *Shahidi wa Relini*, ilitembea kwenye mabanda yote kuanzia Kilosa mpaka Ruaha. Wanawake wa Kilosa walikataa kuvuka reli peke yao kwa miezi miwili, wanazunguka. Melkizedek alivimba kama andazi.

Ya pili nayo ilitembea hivyo hivyo, ingawa redio ya jirani inasikika ndani yake mauaji yakiendelea. Ya tatu ndiyo iliyomzika. Kulikuwa na mazishi, na maiti anainuka ndani ya jeneza. Watu aliowaokota kujaza mazishi walipomwona maiti anainuka na unga usoni, wakacheka. Hakuwa na hela ya kurudia, akaiacha vilevile. Mabanda yote yakacheka. Mikumi waliomba kanda irudishwe nyuma wacheke tena. Mfanyabiashara akaja mwenyewe kuchukua kamera yake, na hakukaa hata kunywa chai.

Miaka saba Melkizedek akapiga picha za harusi na kipaimara kwa kamera za kuazima. Alikuwa anapiga picha keki. Ukikutana naye anakusalimia vizuri, anacheka na utani wangu, lakini watu hakuwatazama tena.

Mwaka elfu mbili na mbili akauza shamba la miwa la Kidodi aliloachiwa na baba yake. Hakumuuliza mtu. Mke wake, Odilia, alisubiri amalize kueleza, halafu akauliza swali moja tu, mimi nikiwa nimekaa pale pale na kikombe mkononi.

"Na hii nayo wakicheka?"

"Hawatacheka."

"Nimeuliza wakicheka."

Melkizedek akanitazama mimi, kana kwamba jibu lilikuwa kwenye kikombe changu.

Filamu mpya iliitwa *Mgeni wa Chumba cha Uani*. Mgeni anafikia gesti ya Mikumi, dereva wa masafa, asubuhi anakutwa amekufa. Hakuna anayemjua. Wenye gesti wanagharamia mazishi haraka haraka. Sasa pale kaburini, neno la "mavumbi kwa mavumbi" linaposemwa, jeneza linagongwa kutoka ndani mara tatu, kifuniko kinafunguka, marehemu anakaa na kumnyooshea kidole aliyemuua. Ndiyo, mazishi yaleyale. Nilimwambia, "Mtani, ulipong'atwa na nyoka unarudisha kidole shimoni?" Akasema anakijua sasa kilichokosekana. Hofu ya kweli.

Tulipiga siku kumi na moja Mikumi, malori yakitupigia honi kila tukisema neno la maana. Kamera ilikuwa ya Cleopa, kijana wa Dar mwenye maneno machache. Siku ya kumi na mbili ndiyo ilikuwa ya mwisho: jioni Cleopa na kamera yake wanaondoka. Kuongeza siku moja ilikuwa bei ya shamba jingine, na shamba jingine halikuwepo.

Asubuhi ile tulipiga barabara. Jeneza tuliliazima kwa fundi, likafungwa kwenye pikapu, kitambaa chekundu mbele, matawi mabichi pande zote, taa zimewashwa. Ndani alilala Boniface, fundi cherehani, marehemu wetu, na jeneza limetobolewa matundu ya hewa chini. Melkizedek alitaka alale humo safari nzima. Alisema gari lenye mtu linatembea tofauti na gari lenye mbao.

Tukatoka Mikumi kwenda Kilosa, halafu Chanzuru, ambako Melkizedek alikuwa amechimbisha kaburi kwenye kiwanja cha jamaa yake. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa na habari, lakini alikuwa ameitwa semina Morogoro na hakumwachia mtu yeyote neno. Sisi tulikuwa tunaigiza. Barabara haikujua.

Kila tulipopita, watu walisimama. Wanaolima waliegemeza majembe. Mwenye baiskeli na magunia matatu ya mkaa alishuka, na mnajua kupanda tena na magunia matatu ni kazi gani. Akavua kofia, akasimama mpaka tukapita. Cleopa, nyuma ya pikapu, alikuwa anawapiga wote. Pale kwenye reli ya Kilosa tulikwama kidogo, watu wametuzunguka kimya, na kutoka ndani ya jeneza nikasikia, "Jamani, tumefika?" Nilikohoa mpaka machozi yakanitoka. Mama mmoja akanishika bega. "Pole, baba. Pole sana."

Sikucheka. Ndiyo mara ya kwanza siku ile nilijisikia vibaya.

Chanzuru tulikuta kaburi, udongo umerundikwa, na hakuna mtu. Wale watu ishirini wa kujaza mazishi, tuliowatumia nauli kutoka Kidodi, hawakutokea. Msimu wa miwa ulikuwa umefunguliwa siku ileile, wameenda kukata miwa kwenye hela ya uhakika. Melkizedek akakaa juu ya udongo. Alikuwa na mazishi ya watu watano: mimi, Cleopa, dereva, Boniface aliyekuwa marehemu, na Kondo, kinyozi wa Mikumi, Mwislamu safi, aliyekuwa amevaa kanzu nyeupe na kola ya kuazima kwa sababu ndiye mchungaji wetu.

"Basi," Melkizedek alisema. "Imekwisha."

Halafu tukawaona. Walikuja kwa njia ya migomba, wanawake mbele, kanga viunoni, unga kichwani kwenye mabeseni, wengine na kuni. Nyuma yao wanaume na majembe. Walikuwa wameona pikapu. Wamewaambia wenzao. Hawakuwa wamealikwa na mtu, kwa sababu msibani mtu haalikwi. Walianza kulia walipofika kwenye mwembe wa jirani, na kilio kile, mimi nimezika wazazi wawili na kaka, naijua tofauti. Kilikuwa cha kweli.

Nilimgeukia Melkizedek kumwambia tuwaeleze upesi. Alikuwa ameshasimama. Na niliona kitu ambacho sikukiona miaka saba: alikuwa anawatazama.

"Malimi," alisema polepole. "Hawa hawatacheka."

"Mtani, hapana."

"Dakika kumi. Boniface anainuka, wanakimbia, Cleopa anapata. Halafu nawaambia, nawaomba radhi, nawapa soda."

"Soda? Kuna vikongwe hapa. Kuna mjamzito yule. Shimo hilo hapo, futi sita. Mtu akianguka?"

"Nimeuza shamba la baba." Hakupandisha sauti. "Wewe una mshahara. Mimi nina leo tu."

Akaenda kusimama nyuma ya Cleopa. Akampa Kondo ishara ajiandae.

Bibi mmoja mwembamba alikuja mpaka kwenye jeneza, akakaa chini kando yake, miguu ameinyoosha. Nikainama.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Poleni. Mimi Yunis, nyumba ile ya bati. Marehemu ni wa wapi?"

Niseme nini? "Mgeni, bibi. Alifia Mikumi."

"Dereva?"

"Dereva."

Akatikisa kichwa. Akaweka kiganja juu ya kifuniko, kama mtu anayepima homa ya mtoto. "Wangu alikuwa utingo. Lori lilianguka huko Tunduma. Barua ilinifikia baada ya mwezi. Waliandika kuwa watu wa pale walimzika vizuri, wanawake walimlilia, hawamjui hata jina." Akavuta kanga mabegani. "Ndiyo maana likipita gari na matawi, mimi natoka. Mama yake huyu hayupo. Mimi nipo."

Wakaanza kuimba. Wimbo wa kanisani, sauti ya tatu chini kabisa, hakuna kwaya ya kulipwa inayoimba vile. Cleopa alikuwa anapiga. Kondo akafungua kitabu, akasoma kama mtu anayetembea kwenye daraja bovu. Bibi Yunis hakuondoa kiganja. Na mimi nilijua kuwa chini ya kiganja kile, nafasi ya mbao moja tu, Boniface amekunja ngumi anasubiri neno.

"Udongo kwa udongo," Kondo akasema, "majivu kwa majivu..."

Nikamwinua bibi kwa mkono, taratibu, nikamsogeza. Halafu nikakaa juu ya jeneza.

"... mavumbi kwa mavumbi."

Ngo, ngo, ngo. Ziligonga moja kwa moja kwenye makalio yangu. Nikapiga mbao kwa kisigino ili kelele ichanganyike, nikapaza sauti:

"Hazikwi mtu hapa! Mimi Msukuma, na huyu Mkaguru mwenye msiba hajanilipa!"

Watu wakashusha pumzi. Mmoja akasema, "Ah, mtani huyo," na kicheko kikapita, kile kicheko kidogo cha msibani kinachowasaidia watu kulia tena. Walijua la kufanya. Walimgeukia mwenye msiba.

Melkizedek akaja. Uso umekuwa kama jivu.

"Shuka," alisema chini chini.

"Nilipe."

Akatia mkono mfukoni, akatoa noti ya elfu tano. Ilikuwa ya chakula cha mchana cha sisi wote. "Haya. Shuka, Malimi, jua linaondoka."

"Sitaki hela. Wala mbuzi. Nataka uwaambie wenzako waliokuja na unga hapa tunamzika nani."

Ndani ya jeneza Boniface naye alikuwa amesikia, hakugonga tena. Melkizedek alinitazama kwa muda mrefu, na nakubali kuwa niliogopa. Utani una mipaka yake, na mimi nilikuwa nimeukalia mpaka wenyewe. Angeweza kuniambia nisikanyage tena kwake, na ingekuwa haki. Akamtazama Bibi Yunis. Nadhani alisikia, wakati ule bibi anaongea nami, kwa sababu alikuwa na masikio ya fundi wa mashine.

Akavua kofia.

"Mama zangu," alisema, "na baba zangu. Hapa hakuna marehemu. Hii ni filamu. Humu ndani yupo Boniface fundi cherehani, mzima. Nilitaka ainuke, ninyi mkimbie, niwapige picha mkikimbia. Mliponikuta sikuwaambia. Nilitaka kuwaambia baadaye."

Nikashuka. Nikafungua kifuniko polepole, huku nikisema kwa sauti, "Anatoka mtu mzima, msiogope, anatoka mtu." Boniface akakaa, jasho linamtiririka, hajui auweke wapi mkono wake wa kunyooshea kidole.

"Shikamooni," alisema.

Hakuna aliyeitikia. Ndiyo mara ya kwanza kwenye maisha yangu nasikia shikamoo inaachwa chini. Mwanaume mmoja akainua jembe, mwenzake akamshika. Mama mjamzito akaanza kulia upya, kwa hasira sasa. Mwingine akasema, "Nimeacha mtoto anaumwa nikaja hapa." Melkizedek alisimama, kichwa wazi, anapokea. Hakujitetea hata neno.

Bibi Yunis ndiye aliyewanyamazisha, kwa kuuliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Kaburi hili limechimbwa la kweli?"

"Ndiyo, bibi," Melkizedek alisema.

"Nani alikuambia uchimbe kaburi bila mtu?"

"Nilitaka lionekane la kweli."

"Sasa ni la kweli." Akawageukia wanaume. "Haliachwi wazi hili. Wala halifukiwi tupu, litamtafuta mtu wake hapa hapa kijijini. Kateni mgomba."

Wakakata mgomba, urefu wa mtu. Jeneza lilikuwa la kuazima, kwa hiyo wakauviringisha kwenye mkeka, mkeka wa Bibi Yunis mwenyewe, uliletwa kutoka nyumba ya bati. Kondo akavua kola akasema, "Mimi siwezi tena jamani, mimi Mwislamu." Mzee mmoja wa kanisa akasali kwa Kikaguru. Wakaushusha mgomba ule kwa kamba, kwa adabu zote, bila haraka, kama vile una mama.

"Mwenye msiba," Bibi Yunis alisema, "tupa udongo."

Melkizedek akachota udongo. Akautupa. Halafu akabaki ameinama na mkono uko wazi, mabega yakaanza kutikisika. Simjui aliyekuwa anamlilia. Baba yake mwenye shamba, labda. Labda ile miaka saba ya keki. Wanawake wakamzunguka, walewale aliotaka kuwakimbiza, wakasema wanachosema siku zote: pole, baba, jikaze.

Walipomaliza kufukia, Bibi Yunis akaiona taa nyekundu ya kamera. Cleopa hakuwa ameizima. Hakuna aliyemwambia azime, na yeye ni kijana wa maneno machache.

"Hicho kinaona?"

"Kinaona, bibi," Cleopa alisema.

"Tangu tumefika?"

"Tangu mmefika."

"Nitafuta," Melkizedek alisema. "Yote. Sasa hivi, mbele yenu."

Bibi akafikiri. Alijipangusa udongo kwenye viganja, kimoja halafu kingine. "Mimi niache nimo. Tunduma nako labda watu wanatazama video. Wengine uliza mmoja mmoja."

Akauliza mmoja mmoja. Jua lilikuwa linashuka, Cleopa anatazama saa, na Melkizedek anapita kwa kila mtu na kofia mkononi, kama anayeomba kura. Tisa walikataa, na yule wa jembe mmojawapo. Hao aliwaondoa wote, hata pale ambapo ilibidi akate kipande kizuri. Halafu tukala ugali, kwa sababu unga ulikuwa umeshapikwa, na Boniface alikula kuliko watu wote, na hapo ndipo mtu akacheka.

Filamu ikaisha bila maiti kuinuka. Haikuwa na picha ya kuinuka. Mgeni wa chumba cha uani anazikwa na watu wasiomjua, inspekta anasimama nyuma na koti lake, muuaji hajulikani ni nani kati ya waliosimama. Tuliipeleka Morogoro kwa mfanyabiashara yuleyule. Aliitazama mpaka mwisho, akauliza, "Haamki?"

"Haamki."

"Sasa ya kutisha iko wapi?"

Akachukua kanda thelathini, kwa huruma. Dar hawakuchukua. Shamba la Kidodi halikurudi, na sitaki kuwadanganya kuwa lilirudi kwa njia nyingine.

Lakini tuliionyesha Kilosa, kwenye banda la karibu na reli, Jumapili mchana. Benchi zilijaa. Odilia alikaa nyuma karibu na mlango, mkoba mapajani, kama mtu aliyejiandaa kuondoka haraka. Bibi Yunis alikuja kwa miguu kutoka Chanzuru, akapewa kiti cha mbele chenye mgongo. Watu walishika pumzi pale gesti, mara mbili. Kisha ikatokea barabara, pikapu na matawi, taa zimewashwa mchana, na yule mtu wa baiskeli na mkaa wake anavua kofia.

Mzee mmoja kwenye benchi ya pili akasimama. Akavua kofia. Aliye kando yake akasimama. Halafu benchi nzima, halafu banda zima, watu waliolipa kiingilio, wamesimama kimya mbele ya televisheni ya inchi ishirini na moja mpaka gari lipite. Odilia alisimama na mkoba wake. Nje, nakumbuka, hata muuza karanga alinyamaza.

Mimi peke yangu, mwisho wa benchi ya mbele, nilibaki nimekaa, kwa sababu mtani hasimami. Nikahisi teke kwenye mguu.

"Simama, Msukuma wewe," Melkizedek alininong'oneza.

Alikuwa kando ya televisheni, mgongo kwenye ukuta. Filamu hakuwa anaitazama. Nikasimama.